Grini ya gofu ya nyasi bandia nyumbani Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Grini ni ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo, ambako mpira haurushwi juu bali unapigwa taratibu uviringike. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba za mjini: viwanja vya mteremko vya Isamilo, Bugando na Kapripoint, na vile vya tambarare kuelekea Buswelu, Igoma na Kisesa. Mfano tunaoutumia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni grini ya mita 4 kwa 8.

Kwa nini nisipande nyasi za kweli?

Kwa sababu grini ya nyasi za kweli hukatwa kwa urefu wa milimita 3 hadi 4, karibu kila siku, kwa mashine maalumu yenye silinda ya visu. Mashine ya kawaida ya bustani haifiki huko. Ongeza maji ya kila siku wakati wa kiangazi, mbolea, dawa ya ukungu na mtu wa kuitunza. Viwanja vya gofu vina kikosi kizima kwa kazi hiyo. Nyumbani ukoka wako utabaki ukoka.

Eneo dogo kabisa ni lipi?

Mita 3 kwa 6 inatosha kwa mazoezi ya maana. Chini ya hapo utachoka nayo upesi. Kabla ya kuchora umbo lolote, uliza upana wa roli la nyasi. Mengi yana mita 4, na grini inayoingia ndani ya upana huo haina kiungo hata kimoja. Anayechora grini ya mita 4 na nusu kwa upana amejinunulia kiungo, gundi na shida ya miaka yote, kwa ajili ya sentimita 50.

Nyasi zozote za dukani zitafaa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Nyasi za kupamba bustani, zenye urefu wa milimita 30 hadi 40, hupunguza kasi ya mpira kama zulia nene na kuuyumbisha. Za grini zina urefu wa milimita 10 hadi 15, nyuzi zimebanana, na mara nyingi zimejikunja. Ziko za aina mbili kuu. Za nailoni ni ngumu, husimama zenyewe na huhitaji mchanga kidogo au zisihitaji kabisa, lakini bei yake iko juu. Za polipropilini ni nafuu, ila ni laini. Bila kujazwa mchanga hulala ndani ya miezi michache.

Nenda dukani na mpira wa gofu mfukoni. Tandaza kipande sakafuni, uviringishe taratibu. Ukirukaruka au kujipinda bila sababu, acha. Kisha geuza kipande uone mgongo: lazima uwe na matundu ya kupitisha maji. Vuta nyuzi chache kwa vidole. Zikitoka kirahisi, zitatoka na kwako.

Udongo wa kwangu unafaa?

Inategemea uko sehemu gani ya mteremko. Wasukuma wana majina ya udongo yanayosaidia kuliko vipimo vingi vya maabara. Juu, karibu na miamba, kuna luseni, kichanga cha mawe ya graniti yaliyooza: maji hupita haraka na msingi wa grini hukaa vizuri. Ukishuka utakuta itogolo, udongo ulioshikana kama sakafu, maji husimama juu yake. Chini kabisa ni mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya mbuga grini hupanda na kushuka kila msimu, na ikishakuwa na mawimbi hakuna namna ya kuinyoosha bila kuivua yote.

Usikisie. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ujaze tena na upime. Yakishuka zaidi ya milimita 25 kwa saa, huhitaji bomba. Yakishuka polepole kuliko hapo, weka bomba lenye matundu chini ya msingi, lielekee mahali maji yanapoweza kutoka. Kwenye mbuga ongeza kina: ondoa sentimita 25 hadi 30 za udongo mweusi, ujaze moramu iliyoshindiliwa kabla ya kuanza msingi wenyewe. Asiye tayari kuchimba hivyo kwenye mbuga afadhali aweke grini juu ya sakafu ya zege.

Kiwanja changu kiko mlimani. Maji ya mvua ya majirani wa juu je?

Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote Mwanza, na kwa bahati mbaya huulizwa baada ya nyasi kutandikwa. Mvua yenyewe inayonyesha juu ya grini si tatizo, itapenya. Tatizo ni maji yanayoteremka kutoka kwenye mwamba na kwenye mapaa ya bati ya juu yako, yakiwa yamebeba mchanga na takataka. Yakiingia chini ya nyasi, huchota lile vumbi la mawe la juu na kuacha mabonde. Yakipita juu, huacha tope laini ambalo huziba matundu ya mgongo.

Upande wa juu wa grini chimba mfereji wa kukinga maji, upana sentimita 30, kina sentimita 40, uelekezwe pembeni na si katikati. Ujaze kokoto kubwa zilizozungushiwa kitambaa cha jeotekistaili (kinachopitisha maji na kuzuia udongo), au uujengee kwa mawe na saruji ukiwa wazi ili uweze kuuzoa. Ule wa wazi si mzuri machoni, lakini kwenye miteremko yetu ndio bora, kwa sababu wa kokoto huziba na hujui umeziba mpaka maji yafurike. Mwisho wa mfereji usiwe uani kwa jirani wa chini. Usiuunganishe pia na bomba la majitaka: mfumo huo haukujengwa kubeba mvua, na choo cha mtu wa bondeni ndicho kitakachofurika.

Nikichimba nikikuta mwamba?

Usipasue. Graniti ya Mwanza itakula siku tatu na mifuko ya fedha kwa ajili ya sentimita 10. Inua grini badala yake: jenga ukuta mfupi wa mawe upande wa chini, jaza moramu kwa tabaka, shindilia, kisha uweke msingi juu. Ukuta uwe na matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu. Jiwe linalochomoza pembezoni liache lilipo. Grini iliyokumbatia jiwe inapendeza kuliko ya mstatili. Ila mwamba usibaki chini ya sentimita 10 kutoka juu ya msingi katika nusu moja huku nusu nyingine ikiwa udongo mtupu. Upande wa udongo utatitia, wa mwamba hautatitia, na utapata ngazi katikati ya grini.

Nahitaji vifaa kiasi gani?

Kwa mita 4 kwa 8, yaani mita za mraba 32, kwenye udongo wa kichanga:

Kokoto mchanganyiko (milimita 0 hadi 20): tabaka la milimita 75 baada ya kushindilia ni mita za ujazo 2.4. Kwa kuwa hushuka zikishindiliwa, agiza 3.2. Hizo ni kama toroli 50.
Vumbi la mawe (milimita 0 hadi 5): tabaka la milimita 25, agiza mita za ujazo 1.1.
Kitambaa cha jeotekistaili: mita za mraba 38, pamoja na mwingiliano wa sentimita 30.
Misumari ya kuzuia kutu, inchi 5 au 6: karibu 160 kwa kingo zote, mmoja kila sentimita 15.
Mchanga wa kujazia: kilo 10 hadi 12 kwa mita ya mraba, yaani mifuko 13 hadi 16 ya kilo 25, kama nyasi ni za polipropilini.
Udongo wa kutoa: mita za ujazo 3.2 ukiwa ardhini, lakini ukishachimbwa huvimba ukafika 4. Panga utakapokwenda kabla ya kuajiri vibarua.

Neno moja kuhusu kokoto. Zile zinazopondwa kwa mkono kando ya barabara ni nzuri kwa zege, lakini zina ukubwa mmoja na hazina unga wake. Peke yake hazishikani. Ukizishindilia zinazunguka tu kama maharage. Nunua za mashine zilizochanganyika na vumbi, au nunua za mkono kisha uchanganye na vumbi la mawe, sehemu tatu kwa moja, kabla ya kumwaga.

Msingi unajengwaje?

Chimba sentimita 10. Ondoa mizizi yote, hasa ndago. Ndago si majani ya kudharau: ncha yake hutoboa kitambaa, na kipande kimoja cha kiazi chake kilichobaki ardhini kinatosha kuanza ukoo. Chimba ufuate viazi vyenyewe.

Shindilia udongo mtupu, tandaza jeotekistaili, kisha kokoto. Usitumie nailoni nyeusi mahali pa jeotekistaili. Itazuia ndago kweli, na itazuia maji pia. Mwaga kokoto kwa tabaka mbili zisizozidi sentimita 5 kila moja, nyunyizia maji kidogo, shindilia kwa mashine ile ya mafundi wa pevingi, mara tatu kwa kila tabaka, ukikata njia ya awali. Kigogo cha kushindilia kwa mkono kinafaa kwenye kona tu. Kingo ndizo husahaulika, na ndizo zinazozama kwanza.

Kisha vumbi la mawe. Hapa ndipo grini inapoumbwa, kwa hiyo usiwe na haraka. Tumia mpira wa pima maji (ule mrija wenye maji) na kamba. Mteremko wa jumla uwe asilimia 1 hadi 2: kwa mita 8, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 8 hadi 16. Ukitaka vilima vidogo viweke mbali na shimo, virefu na vya taratibu. Kilima kifupi chenye mgongo huonekana kama mtu amelala chini ya zulia. Ndani ya mita moja kuzunguka shimo, usizidi asilimia 2. Kwenye mteremko wa asilimia 4 wa grini yenye kasi sana, mpira uliokosa shimo huenda usisimame karibu.

Juu ya msingi kuwe juu ya udongo wa pembeni kwa sentimita moja au mbili. Sasa kanyaga kwa kisigino: alama isibaki. Halafu viringisha mpira wa gofu juu ya vumbi lenyewe, kutoka kila upande. Kasoro utakayoiona sasa hurekebishwa kwa kibao na ndoo ya vumbi kwa dakika tano. Nyasi hazifichi kitu; zinafuata kilicho chini, mpaka alama ya kiatu.

Shimo liwe na ukubwa gani?

Kipenyo rasmi ni milimita 108, na kina kisichopungua milimita 101.6. Wengi hukata bomba la PVC la inchi 4. Fahamu kwamba lile bomba lina milimita 110 kwa nje. Ndani hubaki kama 104. Kwa mazoezi si vibaya, shimo la nyumbani likikubana kidogo la kiwanjani utaliona pana, lakini usimwambie mgeni ni la kipimo. Vikombe vya kununua, vya plastiki au alumini, huja na tundu la bendera.

Chimba sentimita 30 kwenda chini, weka sentimita 15 za kokoto safi chini kabisa kwa ajili ya maji, weka kikombe, ukizungushie zege la 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto). Ukingo wa juu uwe chini ya uso wa msingi kwa milimita 3 hivi. Ukiwa juu, mpira utagonga mdomo na kuruka. Kikombe kisimame wima hata kama grini imeinama. Kipime kwa pima maji ndogo. Mashimo mawili au matatu yanatosha kwa mita za mraba 32, kila moja likiwa angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Yafunike kwa vifuniko na upime umbali wake kutoka kwenye vigingi viwili nje ya grini, uandike. Baada ya kutandika nyasi, bila vipimo hivyo utatafuta shimo kwa kupapasa.

Kutandika kunahitaji fundi maalumu?

Fundi mzuri wa mazulia anaweza, akikubali kujifunza mambo machache. Tandua roli juani saa mbili au tatu ili makunyanzi yalegee. Livute na watu wanne, lisiburutwe juu ya vumbi ulilosawazisha. Kata kwa kisu chenye ncha mpya, upande wa mgongo, na badilisha ncha kila baada ya mita chache. Kwenye shimo, kata nyota kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha punguza kwa kuzungusha kisu ndani ya mdomo wa kikombe, kidogo kidogo.

Kama kiungo hakikwepeki, nyuzi za vipande vyote viwili zilale upande mmoja. Kata ukingo wa kiwandani, mishono miwili au mitatu, ubaki na nafasi isiyozidi milimita 2. Chini weka utepe wa sentimita 30 na gundi ya poliyurethani, juu yake mifuko ya mchanga kwa saa 24. Usigundishe asubuhi umande ukiwepo.

Kingo zipigiliwe misumari; nyasi za katikati zisipigiliwe. Kiwanja cha gofu kina mashimo 18; kichwa cha msumari kilichozama katikati ya grini huwa la kumi na tisa.

Mchanga wa ufukweni unafaa kujazia?

Hapana. Una vipande vya konokono na udongo laini, na punje zake nyingi ni kali, zinakata nyuzi. Isitoshe, kuchota mchanga ufukweni bila kibali ni kosa. Unaotakiwa ni mchanga wa kwatzi wenye punje za mviringo, milimita 0.3 hadi 0.8, uliooshwa na kukauka kabisa. Ujaribu: weka mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha saa moja. Tabaka la tope likionekana juu ya mchanga, uoshe tena au urudishe.

Umwage kwa awamu nne au tano, kila awamu ikifuatwa na ufagio mgumu wa plastiki, kinyume na nyuzi zinakolala. Anayemwaga mifuko yote kwa mkupuo huzika nyuzi zikiwa zimelala, na hazitainuka tena.

Nitajuaje kasi ya grini yangu?

Kipimo chake huitwa stimpimita: fimbo ya alumini yenye mfereji, urefu wa inchi 36; ya kwanza, ya mbao, ilibuniwa na Edward Stimpson wa Marekani mwaka 1935. Mpira huwekwa kwenye kikato kilicho inchi 30 kutoka ncha ya chini, fimbo inainuliwa taratibu mpaka mpira ujiachie, kwenye pembe ya digrii 20 hivi, na umbali unaosafiri kwa futi ndiyo namba ya kasi. Seremala anaweza kukuchongea ya mbao. Chagua sehemu tambarare, viringisha mipira mitatu kwenda na mitatu kurudi, tafuta wastani. Mita 2.7 ni kasi ya 9, mita 3.05 ni ya 10. Kwa nyumbani 9 au 10 inapendeza.

Ikiwa polepole, ongeza mchanga kidogo na upitishe rola. Ikiwa kasi mno, inua nyuzi kwa ufagio.

Naweza kuweka juu ya sakafu ya zege au paa la zege?

Sakafu ya uani, ndiyo, mradi ina mteremko wa asilimia 1 na haina madimbwi. Ziba madimbwi kwa saruji kwanza. Shimo ndilo tatizo: itabidi zege litobolewe. Kwa paa, usipeleke kokoto kabisa. Sentimita 10 za kokoto zilizoshindiliwa huweka karibu kilo 200 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao paa huenda halikupigiwa hesabu. Huko tumia vigae vya plastiki vinavyoshikana au godoro jembamba gumu, na umwone mhandisi hata hivyo.

Nyumba yangu iko kando ya ziwa. Kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kingo za mito pia. Grini yenye msingi wa kokoto na zege ni kitu cha kudumu. Na ukiacha sheria, ziwa lenyewe halina mkataba na mtu: mwaka 2020 maji yalipanda yakafunika bustani na gati nyingi pande zote za Viktoria.

Wale wadudu wa ziwani watanisumbua?

Watakuja, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Hufuata taa usiku na kufa kwa malundo chini yake. Wakiwa wakavu hufagika kama pumba. Wakilowa huwa uji, hukauka ndani ya nyuzi na kunuka samaki. Kwa hiyo fagia asubuhi kabla ya kumwagilia chochote, na weka taa ya manjano mita kadhaa mbali na grini, isiwe juu yake. Kinyesi cha korongo kikwangue kikiwa kikavu, halafu maji na sabuni laini. Mkojo wa mbwa hauunguzi nyasi bandia, lakini jua likiwaka harufu utaijua. Mwaga maji mengi siku hiyohiyo.

Jua la hapa haliziharibu?

Nyasi zenye kinga ya jua hudumu miaka mingi. Uliza dhamana ya kuchujuka kwa maandishi. Mchana zinachoma nyayo, mtoto asitembee peku saa saba. La kuogopa zaidi ni madirisha ya vioo vinavyong'aa kama kioo cha kujitazama. Vikirudisha jua mahali pamoja huyeyusha nyuzi kwa mistari. Simama hapo saa nne na saa tisa uangalie mwanga unapoangukia kabla ya kuchagua mahali.

Mabonde yametokea baada ya masika. Nifanye nini?

Tafuta kwanza maji yalipoingilia, la sivyo utarudia kazi kila mwaka. Kisha ng'oa misumari ya upande wa karibu, kunja nyasi kama zulia, jaza vumbi la mawe, lowesha, shindilia, rudisha. Bonde moja la duara karibu na shimo mara nyingi ni zege la kikombe lililotitia, na hilo huchimbwa upya. Mstari mrefu wa bonde ni njia ya maji au mzizi wa mwembe uliooza.

Nianze mwezi gani?

Juni hadi Agosti. Mchanga unakauka, gundi inashika, na mvua za vuli zitaujaribu mfereji wako kabla ya masika.

Nikihama naweza kuondoka nayo?

Nyasi na vikombe, ndiyo. Zoa mchanga kwanza kwa ufagio na mashine ya kufyonza vumbi, maana roli la mita za mraba 32 lenye mchanga ndani lina kilo 350 za ziada na halibebeki. Lizungushie bomba la PVC katikati, nyuzi zikiwa nje, na usilikunje.